Neno la Kusemwa Kabla ya Dawa

Kuna msiba usiopigiwa kengele. Binti wa miaka ishirini na minne apatwa na saratani ya titi, ama ya tezi. Ndugu zake wauza ng'ombe, wachanga nauli, wamfikisha Ocean Road au Bugando. Kwa miezi sita dawa yamwingia kwa mshipa, nywele zamwanguka, kucha zageuka nyeusi. Na mwisho wake, kwa rehema ya Mungu na kwa kazi ya madaktari, arudi nyumbani mzima. Misa ya shukrani yasomwa, majirani wala na kunywa. Baada ya miaka miwili aolewa. Mwaka wapita, wa pili wapita, na wa tatu, wala mtoto hakuna. Ndipo katika chumba cha daktari mwingine kabisa asikiapo kwa mara ya kwanza kwamba dawa ile ile iliyomwokoa iliharibu vifuko vyake vya mayai, na kwamba pengine lilikuwako jambo la kumkinga, kama lingalifanywa kabla ya chupa ya kwanza ya dawa kutundikwa.

Hatumsemi mtu mmoja. Wa namna hiyo wako katika parokia nyingi, nao hukaa kimya, maana wataona kama ni utovu wa shukrani kumlilia Mungu aliyekwisha kuwaponya. Leo twataka kusema juu ya lile neno ambalo binti huyo alistahili kuambiwa. Twasema na wazazi kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaosimama kati ya daktari na mgonjwa. Kisha na madaktari na wauguzi Wakatoliki. Na mwisho na wenzetu mapadre.

Yafaa tueleze kwanza jambo lenyewe lilivyo. Mwanamume hufanyiza mbegu zake siku zote za utu uzima wake. Mwanamke sivyo. Yeye amepewa akiba yake yote kabla ya kuzaliwa: mtoto wa kike huzaliwa na mayai kama milioni moja au mbili katika vifuko viwili viitwavyo ovari, na abalehepo yamebaki kama laki tatu au nne. Hayaongezwi tena. Basi dawa za saratani zimetengenezwa ziue chembe zinazokua upesi, nazo haziwezi kupambanua vema kati ya adui na mwenyeji. Baadhi yake, hasa siklofosfamaidi na jamaa zake, ambayo hutumika sana kwa saratani ya titi na ya tezi, huifikia hata akiba iliyolala, kama panya aingiavyo ghalani. Mionzi nayo, ikielekezwa kwenye nyonga kama ilivyo desturi kwa saratani ya mlango wa kizazi, huziua ovari na kuuharibu mji wa mimba wenyewe. Si kila dawa hufanya hivyo, wala si kila mwanamke hupatwa kwa kadiri moja. Binti wa miaka ishirini ana akiba kubwa kuliko mama wa miaka thelathini na minane, naye aweza kumaliza tiba yake akazaa pasipo msaada wowote. Kwa hiyo swali sharti liulizwe juu ya mgonjwa huyu na dawa hii, si juu ya saratani kwa jumla.

Mbona basi haliulizwi? Daktari ana safu ya wagonjwa mlangoni, na akili yake yote imo katika kuokoa uhai. Hatumlaumu kwa hilo, ila twamwomba dakika tano. Wazazi huogopa kwamba binti akisikia atakataa dawa. Binti mwenyewe huona haya kulitaja jambo la uzazi mbele ya baba yake, hasa akiwa hajaolewa: atadhaniwa anawaza wanaume hali yu kitandani. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mficha uchi hazai. Methali hii hutumika kwa mambo mengi, lakini hapa yasema kweli neno kwa neno. Mama, ingia wewe pamoja na binti yako. Baba na angoje nje kidogo, ikiwa haya imezidi. Mkaulize: Dawa hii itafanya nini katika uzazi wake? Liko la kumkinga? Tukilifanya, tiba itachelewa siku ngapi?

Swali la tatu ndilo zito. Saratani haingoji. Ziko za damu ambazo haziruhusu hata juma moja. Nasi twajua kwamba wako wazee ambao, wakisikia habari ya utasa, hushauri binti aozwe kwanza, azae walau mmoja, ndipo arudi kutibiwa. Twalisema hili bila kuzunguka: ni shauri la kuua. Uvimbe ulioweza kuondolewa mwezi huu, mwakani utakuwa umefika kwenye mapafu na mifupa, na mtoto anayetafutwa kwa njia hiyo atazaliwa ili azike mama yake. Pale ambapo daktari asema hakuna nafasi ya kungoja, binti na aanze dawa siku hiyo hiyo, na uzazi wake uwekwe mikononi mwa Mungu.

Wako pia Wakristu wenye dhamiri nyororo ambao huuliza kama ni halali kupokea dawa ambayo yajulikana mapema kwamba huenda ikaleta utasa. Jibu la Kanisa ni la siku nyingi. Papa Pio wa Kumi na Mbili aliwaeleza madaktari mwaka 1953 kwamba kiungo kipo kwa ajili ya mwili mzima, hata kiungo kizima chaweza kuondolewa ikiwa kuwapo kwake kunauletea mwili wote hatari isiyoepukika kwa njia nyingine. Papa Paulo wa Sita, katika barua yake ya mwaka 1968 iitwayo Humanae Vitae, kifungu cha 15, alifundisha kwamba tiba iliyo ya lazima kwa kuponya mwili si haramu hata ikizuia uzazi, maadamu kizuizi hicho sicho kinachotafutwa. Wengine watatutajia Mtakatifu Gianna Beretta Molla, yule daktari wa Italia aliyefariki mwaka 1962 na kutangazwa Mtakatifu mwaka 2004. Lakini Gianna alikuwa tayari na mimba, na uvimbe wake haukuwa saratani. Wala hakukataa kupasuliwa, bali aliuchagua upasuaji uliomwacha mtoto hai. Haifai mtu kulitumia jina lake kumnyima dawa binti asiye na mimba.

Sasa tuje kwenye kinga yenyewe, maana hapa ndipo watu wengi hawana habari.

Iko sindano iitwayo goserelini, ichomwayo chini ya ngozi ya tumbo kila baada ya majuma manne, kuanzia kama juma moja kabla ya dawa za saratani. Kazi yake ni kuzilaza ovari, zikae kimya mpaka dhoruba ipite. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wanawake wenye saratani ya titi ya aina isiyotegemea homoni. Katika waliopata dawa za saratani peke yake, 22 kwa kila 100 ovari zao zilikufa. Katika waliopata sindano hiyo pia, 8 tu. Tena waliopata mimba baadaye walikuwa 21 kwa kila 100 upande wa sindano, na 11 upande wa pili. Si kinga kamili, wala madaktari hawasemi hivyo. Na bei yake si ndogo kwa mkulima. Lakini haiicheleweshi tiba kwa muda mrefu, wala haihitaji maabara ya ajabu.

Tumeulizwa kama sindano hiyo si namna ya kuzuia mimba, kwa sababu hedhi hukoma wakati wa kuitumia. La hasha. Anayezuia mimba anaukimbia uzazi. Binti huyu anaulinda. Mkulima afunikaye miche kwa majani wakati wa jua kali hawi adui wa shamba. Neno la Papa Paulo tulilolitaja latosha hapa, na muuguzi Mkatoliki asisite kuichoma.

Ikiwa tiba ni ya mionzi kwenye nyonga, mpasuaji aweza kuzihamisha ovari kutoka mahali pake na kuzishona juu zaidi ndani ya tumbo, mbali na njia ya mionzi. Upasuaji huu waweza kufanywa na mpasuaji hodari wa magonjwa ya wanawake, mradi aombwe kabla ya mionzi kuanza. Baada yake, kazi ni bure. Ijulikane tu kwamba kuzihifadhi ovari hakuuponyi mji wa mimba ulioungua. Ila hata hivyo binti amepona asikome hedhi ujanani, na mifupa yake haidhoofiki kabla ya wakati. Na kwa saratani changa sana ya mlango wa kizazi uko upasuaji uliobuniwa na Profesa Daniel Dargent wa Lyon, Ufaransa, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980: hukata shingo ya mji wa mimba iliyo na ugonjwa na kuuacha mji wenyewe. Wanawake waliopasuliwa hivyo wamezaa, ijapokuwa wengi hujifungua kwa kupasuliwa na baadhi kabla ya miezi kutimia.

Njia nyingine yahitaji ufundi mkubwa zaidi, na twaieleza kwa kuwa ina maana kwa Wakatoliki. Katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, Ubelgiji, madaktari wa Profesa Jacques Donnez walichukua mwaka 1997 vipande vya ovari ya mwanamke kijana mwenye saratani ya tezi iitwayo Hodgkin, wakavigandisha kwa baridi kali kabla hajapewa dawa. Alipona. Miaka kadhaa baadaye vipande vile vikarudishwa mwilini mwake mwenyewe, akashika mimba kwa njia ya kawaida, na mwezi wa Septemba 2004 akazaa mtoto wa kike. Hapakukosekana wataalamu waliouliza kama yai lilitoka kwenye kipande kilichorudishwa au kwenye ovari ya zamani. Lakini kufikia mwaka 2017 watoto zaidi ya 130 walikuwa wamezaliwa duniani baada ya tiba ya namna hiyo, na mwaka 2019 chama cha madaktari wa uzazi wa Marekani kikaacha kuiita tiba ya majaribio. Hufaa hata kwa msichana ambaye hajavunja ungo, ambaye hana yai lililopevuka. Kwa saratani ya damu yaogopwa, kwa kuwa chembe za ugonjwa zaweza kurudi mwilini pamoja na kipande.

Je, jambo hilo ni halali? Kwa maoni yetu, na ya wanateolojia wengi wa maadili, halina ubaya ndani yake. Kiungo ni cha mwanamke mwenyewe, charudi kwake mwenyewe, na mtoto atungwa katika tendo la ndoa kati ya mume na mke. Hati ya Roma ya mwaka 2008, Dignitas Personae, inazikubali tiba za homoni na upasuaji zinazoondoa vizuizi ili mume na mke wapate kuzaa kwa njia yao wenyewe. Twaona kwamba hii ni ya jamaa hiyo.

Lakini hospitali nyingi za ng'ambo, na baadhi ya zile za miji yetu, zitampa binti shauri jingine: mayai yake yavunwe baada ya siku kumi au kumi na nne za sindano, yagandishwe, ili baadaye yaunganishwe na mbegu za mume ndani ya maabara. Au, kama ameolewa, yaunganishwe sasa hivi na kugandishwa yakiwa tayari ni viinitete. Hapa Kanisa lasema hapana. Lilisema mapema: Pio wa Kumi na Mbili, alipowahutubia mwaka 1956 madaktari wa mkutano wa dunia juu ya uzazi na utasa, aliisifu juhudi ya kuwasaidia wasio na watoto, na papo hapo akakataa mimba kutungwa chupani, miaka 22 kabla mtoto wa kwanza wa namna hiyo hajazaliwa Uingereza. Hati ya Donum Vitae ya mwaka 1987 ilirudia neno hilo, na ile ya 2008 ikataja waziwazi kwamba kugandisha mayai kwa nia ya kuyatumia katika uzazi wa maabara hakukubaliki.

Twajua kwamba neno hili ni gumu kwa mwanamke aliyekaa kitandani na fomu mbili mkononi. Haitoshi kumsomea katazo na kuondoka. Afahamu sababu yake: mtoto ni zawadi itokayo katika kupeana kwa mume na mke, si kitu cha kufanyizwa mezani na mtu wa tatu; tena kiinitete kilichomo katika pipa la baridi ni mwanadamu aliyewekwa akiba, na wengi wao hawatoki humo wakiwa hai. Twamsihi daktari Mkatoliki, asemapo kwamba njia hii haifai, awe na ile nyingine tayari mdomoni. Kukataza tu, huku sindano na upasuaji halali havikutajwa kamwe, ni kumtwika mgonjwa mzigo tusioutia hata kidole chetu.

Jambo moja zaidi la faraja. Kwa saratani ya titi inayotegemea homoni mwanamke hupewa vidonge vya miaka mitano hadi kumi, na akimaliza umri umempita. Mwaka 2023 ulitangazwa uchunguzi wa wanawake zaidi ya 500 wa umri usiozidi miaka 42, waliotumia vidonge kwa mwaka mmoja na nusu hadi miaka miwili na nusu, kisha wakaviacha kwa muda usiozidi miaka miwili ili watafute mtoto. Watatu kati ya wanne hivi walishika mimba, na kwa miaka mitatu ya kwanza ugonjwa haukuwarudia kupita wenzao wasiosimamisha vidonge. Habari za miaka mingi zaidi bado zangojwa. Asiache mtu vidonge kwa kusoma gazeti. Amwonyeshe daktari wake.

Nasi hatuwezi kupita pasipo kutaja uvumi mmoja. Tangu mwaka 2018 Serikali yetu yawachanja wasichana dhidi ya virusi viletavyo saratani ya mlango wa kizazi, na wako wazazi waliowaficha binti zao kwa kuambiwa kwamba chanjo hiyo ni hila ya kuwafanya tasa. Uvumi huo umegeuza mambo juu chini. Kinachowafanya wanawake wetu tasa ni saratani yenyewe na mionzi itakiwayo kuiponya. Mzazi anayetaka wajukuu ampeleke binti akachanjwe, na mama mwenyewe akapimwe zahanati.

Tubaki sasa na yule ambaye yote yalishindikana, au hakuambiwa kwa wakati. Katika vijiji vyetu mwanamke huyo ana majina, nayo si mazuri. Mawifi hunong'ona, mama mkwe huhesabu miezi, na mume ambaye jana aliapa mbele ya altare kumpenda katika uzima na ugonjwa huanza kulala nje. Twamwuliza mume huyo: ulipoapa, ulidhani ugonjwa gani? Elkana, mume wa Hana katika Kitabu cha Samweli, hakuwa mtu mkamilifu, na mwenyewe alikuwa na wake wawili. Hata hivyo alipomwona Hana akilia kwa kukosa mtoto hakumtukana wala hakumrudisha kwao. Alimpa fungu lake la heshima mezani, akamwuliza kama yeye mumewe hakumtosha kuliko wana wengi. Hilo alilifanya wakati Samweli hajaahidiwa bado, wala hapakuwa na dalili kwamba atakuja.

Sheria ya Kanisa ni imara kuliko mashauri ya ukoo. Kanuni ya 1084 yasema kwamba utasa haukatazi ndoa wala hauibatilishi. Binti aliyepona saratani ana haki ya kuolewa kanisani kama binti mwingine yeyote, na hakuna mzee, mjomba wala katekista awezaye kumzuia kwa sababu hiyo. Na aliyekwisha kuolewa hafukuzwi. Anayemwacha na kuoa mwingine azini. Ila kanuni hiyo hiyo yataja nyingine, ya 1098, juu ya anayemdanganya mwenzake kwa hila ili apate kukubaliwa. Kwa hiyo mchumba wake na aambiwe kweli yote mapema: ugonjwa ulikuwa gani, dawa ilikuwa ipi, madaktari wasemaje juu ya watoto. Kijana atakayekimbia baada ya kusikia, afadhali akimbie sasa. Na atakayebaki, mambo ya kupanga yapo: yatima wa dada aliyefariki, mtoto wa kulelewa kwa utaratibu wa Ustawi wa Jamii, shule, kazi za parokia. Ajue pia kwamba hedhi iliyorudi baada ya tiba yaweza kukoma mapema kuliko kwa wengine, na kwamba madaktari wengi hushauri kungoja mwaka mmoja au miwili kabla ya kutafuta mimba. Basi waulize, waupange umri wao vizuri.

Twawaomba wenzetu maparoko. Muda wa kuandikisha ndoa, mkijua kwamba mmoja wa wachumba alitibiwa saratani, msiliache jambo hili kwa wazee wa pande mbili. Waiteni wote wawili chumbani, waelezeni kanuni hizo mbili kwa lugha nyepesi, kisha watokeni mkawaache wazungumze peke yao, kabla ya tangazo la kwanza kusomwa.